Macho Kwanza, Mikono Baadaye: Mafunzo Niliyopata Nikiwapeleka Watu wa Bomet Baharini

Huku kwetu Bomet, safari ya Pwani hupangiwa kwenye kituo cha kununulia majani chai. Bonasi ikishaingia Oktoba, vikundi vya akina mama, wanakwaya, walimu na wazee wa mashamba huanza kuchanga, na kufikia Novemba au Desemba basi limejaa. Kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaoandaa misafara hiyo. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na likizo zangu nyingi zimeishia Shimoni, kaunti ya Kwale, ambako boti huvuka kwenda Wasini na kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Nimesafiri na watu ambao hawajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nimesafiri pia na wengine ambao wamerudi mara nyingi hata manahodha wanawajua kwa sura.

Wengi wetu huamini kwamba kadiri mtu anavyoizoea bahari ndivyo anavyoitunza. Niliyoyaona hayakubaliani na imani hiyo moja kwa moja. Uzoefu hubadilisha macho kwanza: mtu huanza kuona vitu ambavyo hapo awali vilimpita. Mikono na miguu huchelewa kufuata. Matumbawe huvunjika na pomboo hufukuzwa katika kipindi hicho cha kati, na hapo ndipo kiongozi anapohitajika zaidi. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Woga huja kabla ya mapenzi

Mtu aliyekulia karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto kama Nyangores wenye maji baridi na mawe ya utelezi, mara nyingi hajui kuogelea. Ukimvalisha jaketi la kuokoa maisha na miwani ya mbizi kisha ukamwambia atazame samaki, fikira zake zote ziko kwenye pumzi yake. Samaki hawaoni. Mrija ukiingia maji kidogo tu, miguu yake hutafuta mahali pa kukanyaga, na mahali pa karibu ni matumbawe.

Kwa hiyo anayekanyaga matumbawe mara ya kwanza si mkorofi, bali ameshikwa na hofu. Lakini matumbawe hayajui tofauti hiyo. Yanaonekana kama jiwe, kumbe ni makazi ya maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, na yale ya mviringo yenye umbo la jabali huongezeka kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Hatua moja ya kisigino inaweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Siku hizi katika misafara yetu hakuna anayeshuka Kisite bila kwanza kuelea kwenye maji ya kiunoni, penye mchanga mtupu, siku moja kabla. Anajifunza kulala kifudifudi, kupumua polepole na kutema maji yanayoingia kwenye mrija. Asiyeweza hushikilia boya la duara na kuvutwa na kiongozi, na asiyetaka kabisa hubaki kwenye boti bila kuchekwa. Mtu aliyetulia anaweza kupenda anachokiona, lakini mwenye hofu hapendi chochote ila ngazi ya boti.

2. Anayeanza huhesabu, aliyezoea hutazama

Wageni wapya huenda na orodha: pomboo, kasa, samaki wa rangi, picha. Swali lao kubwa ni "Tutawaona wangapi?" Mara nyingi mzee mmoja huuliza kama kuna kurudishiwa pesa pomboo wasipotokea.

Nakumbuka asubuhi moja tukiwa kati ya Wasini na Kisite. Nahodha alizima injini. Kundi dogo la pomboo lilikuwa linapita polepole, wamebanana ubavu kwa ubavu, wakichomoza mapezi ya mgongoni karibu kwa pamoja, wakivuta pumzi, kisha wakizama tena bila kurusha maji. Abiria walivunjika moyo. Mama mmoja mkulima akauliza, "Nahodha, mbona hawaruki? Tuwafuate basi, wanaenda!"

"Hao wamelala, mama," nahodha akamjibu. "Pomboo hulala huku anatembea. Tukiwafuata tutawaamsha."

Alisema kweli. Pomboo hupumua kwa kutaka, si kama sisi ambao pumzi yetu hujiendea yenyewe. Ndiyo maana hupumzisha nusu ya ubongo wake kwa zamu na kuendelea kuogelea. Kwenye boti ile alikuwepo mwalimu mwenzangu aliyekuwa amefika mara kadhaa. Yeye peke yake hakuinua simu. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo muda kati ya pumzi na pumzi, na baadaye alituambia kwamba alimwona mtoto ubavuni mwa mamaye. Sisi wengine tulikuwa tumeangalia kundi lile lile bila kumwona.

Mabadiliko hayo yana wataalamu walioyachunguza. Mwaka 1977 Mmarekani Hobson Bryan aliandika kuhusu wavuvi wa trauti, samaki ambaye wakoloni walimpandikiza pia katika mito yetu ya nyanda za juu, ukiwemo Kiptiget kule Kericho. Bryan aliona kwamba mvuvi anayeanza hutaka samaki yeyote, kwa njia yoyote. Akiendelea hutaka wengi, halafu wakubwa. Aliyebobea hujali zaidi namna ya kuvua na hali ya mto wenyewe, na huwa radhi kumrudisha samaki majini. Wataalamu wa utalii wa wanyama walilichukua wazo hilo na kulipeleka baharini. Nami nimeliona kwa watu wetu: anayerudi haulizi tena idadi, anauliza pomboo anafanya nini na kwa nini.

3. Uzoefu wa Mara hauhamii baharini wenyewe

Bomet imepakana na Narok, na wengi wetu tumeingia Maasai Mara. Tunajua kukaa kimya garini mbele ya simba. Tunajua hutakiwi kushuka wala kutoka nje ya barabara, na kwamba magari hayatakiwi kuzidi matano kwenye mnyama mmoja. Nilidhani watu wenye adabu hiyo watafika Kisite wakiwa nusu wamekwishafundishwa.

Sivyo ilivyokuwa. Watu wale wale waliokuwa wakinong'ona mbele ya chui walipiga makofi, mbinja na vigelegele walipowaona pomboo, wakigonga ubavu wa boti ili wanyama wasogee. Sababu yake ni rahisi. Simba anatisha, pomboo anaonekana kama anacheka. Mdomo wake umeumbwa hivyo, awe ana furaha, ana njaa au amechoka. Sura ile humfanya mgeni aamini kwamba amekaribishwa.

Tena madhara ya nchi kavu yanaonekana, ya majini hayaonekani. Mtu akipiga kelele Mara, swala anakimbia na kila mmoja anajua mkosaji ni nani. Baharini, sauti husafiri kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na pomboo hutegemea sauti kutafuta chakula na kutambuana. Mngurumo wa injini tatu zilizomzunguka humfikia kutoka kila upande, na sisi tuliokaa juu tunaona maji matulivu tu.

Hata hivyo, uzoefu wa Mara si bure, ila unahitaji kutafsiriwa. Nikimwambia mtu wa Bomet "tusimsonge pomboo," husahau mara moja. Nikimwambia "zile boti mbili tayari ni magari mawili, hii yetu ni ya tatu, na huyu mnyama hana kichaka cha kujificha," ananielewa papo hapo, na mara nyingi yeye ndiye anayemwambia nahodha tungoje zamu.

4. Ogopa maneno "mimi nishafika hapa"

Anayeanza huvunja kwa hofu. Aliyezoea kidogo huvunja kwa kujiamini, na huyu wa pili ni mgumu zaidi kumwongoza kwa sababu hasikilizi. Amekwisha kuelea bila jaketi, anajua kuzama mita mbili, na ana simu ndani ya mfuko usioingia maji. Anataka picha ambayo hakuipata mwaka jana.

Mtu wa aina hiyo, mcheshi na mkarimu, aliwahi kupanda botini akiwa ameshika kiti cha pweza (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) chekundu chenye vinundu mgongoni. Alikiinua juu, kikapita mkono kwa mkono kuanzia mbele mpaka nyuma, kila mmoja akapigwa picha nacho. Kiongozi alipokirudisha majini, mikono yake mitano ilikuwa imelegea. Mnyama yule hupumua kwa vinyama vyake vyembamba akiwa ndani ya maji. Juu ya boti, katika jua la saa tano, alikuwa anakosa pumzi huku sisi tukitabasamu. Hakuna mgeni mpya hata mmoja kwenye boti ile ambaye angethubutu kumshika kama asingeonyeshwa na mzoefu.

Wachunguzi waliowafuata wapiga mbizi 353 katika kisiwa cha St Lucia, kule Karibiani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta kwamba karibu robo tatu yao waligusa matumbawe angalau mara moja katika mbizi moja, na waliobeba kamera waligusa mara nyingi kuliko wasiobeba. Kamera hufunga macho kwenye kitu kimoja, na mwili unaobaki nyuma huparamia kilichopo. Kwa hiyo swali langu kwa anayejitambulisha kuwa mzoefu si amefika mara ngapi. Ninamwomba aelee dakika mbili bila kugusa chini, simu ikiwa botini. Akiweza, namrudishia simu yake.

5. Maelezo ya ufukweni hayatoshi

Sisi walimu tunaamini sana hotuba. Nilikuwa nikisimamisha kundi pale gatini Shimoni na kueleza kila kitu: usiguse, usikanyage, usiokote kombe, usitupe mkate kwa samaki. Wote huitikia. Wakishaingia majini, nusu ya maneno hubaki gatini.

Tafiti zenyewe zinatofautiana juu ya jambo hili. Huko Ras Mohammed, Misri, ilionekana katika miaka ya 1990 kwamba maelezo mazuri yanayoambatana na kuonyeshwa kwa vitendo yalipunguza sana kugusa matumbawe. St Lucia, maelezo mafupi peke yake hayakusaidia. Kilichosaidia ni kiongozi aliyekuwa majini na kuingilia kati palepale alipomwona mtu akikosea. Ninavyoelewa, hakuna ugomvi hapo. Maneno huingia mtu anapoonyeshwa, na hubaki anapokumbushwa wakati mkono wake unaelekea kwenye kosa.

Ndivyo anavyofundishwa mchumaji wa majani chai. Unaweza kumweleza "majani mawili na chipukizi" asubuhi nzima, lakini vidole vyake hujifunza pale msimamizi anapokichukua kikapu, akatoa jani gumu la tatu na kumwonyesha. Mkono hufundishwa kazini.

Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, kilijengwa juu ya wazo hilo. Wavuvi wa maeneo yale walifunzwa kuwa walinzi na waongozaji, na mgeni huingia majini akiwa na mtu anayeujua mwamba ule kipande kwa kipande. Tangu nielewe hivyo, hotuba yangu ya Shimoni imekuwa fupi, na fedha iliyookolewa kwenye soda na fulana za kikundi hulipa kiongozi wa pili wa majini.

6. Nahodha huendesha kwa mdomo wa abiria

Ni rahisi kumlaumu nahodha anayekimbiza pomboo. Lakini nimekaa karibu na usukani vya kutosha kusikia anachoambiwa: "Sogea!" "Wakatie mbele!" "Boti ile imewaona, sisi je?" Mwisho wa safari, bahshishi hupewa aliyesogea. Manahodha wengi wa Wasini na Shimoni wanaijua bahari hiyo tangu utotoni, na wanajua kumwendea mnyama polepole, kwenda sambamba naye na kutokata njia yake. Wanaolipa ndio wasiojua.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yanaonekana matokeo ya pande zote mbili. Zamani pomboo walivuliwa pale ili wawe chambo cha papa. Utalii ulipoingia katika miaka ya 1990, mnyama aliye hai akawa na thamani kuliko aliyekufa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo wa pale hupumzika kidogo, hula kidogo na hukaa pamoja kidogo, huku muda wao wa kusafiri ukizidi maradufu. Wameokoka chusa, sasa hawapati usingizi.

Kwa sababu hiyo, kabla injini haijawashwa, mtu mmoja aliyechaguliwa na kikundi, mara nyingi mzee au mwenyekiti mama, humwambia nahodha mbele ya wote: "Nahodha, hatutaki kukimbiza. Ukiona wamechoka, tuondoe. Chako utapata, wawepo wasiwepo." Sentensi hiyo humwondolea nahodha mzigo wa kutufurahisha, na humfunga kila abiria aliyeisikia.

7. Mahali hubadilika pamoja na wageni wake

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Kanada, David Duffus na Philip Dearden, walieleza mkondo ambao maeneo mengi ya kutazama wanyama hupitia. Wanaotangulia ni wachache, wanaojua sana na wasiodai mengi. Habari zikienea, huja wengi wasiojua sana, wanaotaka starehe na uhakika wa kuona. Wale wa kwanza huhama kutafuta pengine. Idadi hupanda, ujuzi wa wastani hushuka, na kama kanuni hazikutangulia, mnyama ndiye anayelipa.

Sisi wa Bomet tumo katika wimbi hilo la pili. Tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria hadi Mombasa mwaka 2017, mkulima wa Sotik anaweza kupanga safari ya Pwani ambayo baba yake hakuiota. Ninalifurahia jambo hilo kwa moyo wangu wote. Bahari ya Kenya ni ya Mkenya, na hifadhi zinazotembelewa na wageni wa ng'ambo peke yao hazina mtetezi wa nyumbani siku ya shida. Lakini kuwa wengi kunatupa wajibu. Matumbawe ya pwani yetu yalikwisha kupigwa vibaya na joto la El Niño mwaka 1998, na bahari inaendelea kupata joto. Hatuwezi kulizuia jua kutoka ndani ya basi, ila kisigino chetu tunaweza.

Wapo pia wanaopanda ngazi ya juu. Waliorudi mara kadhaa sasa huniuliza kuhusu Watamu kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu wanapopita kutoka bahari ya kusini. Huo ni wakati wa upepo wa kusi, bahari imechafuka, kutapika ni jambo la kawaida, na unaweza kurudi bila kuona hata mkia. Mtu anayeomba safari kama hiyo akijua hivyo, macho yake yamekomaa.

8. Wanaorudi wapewe kazi

Mafunzo yote saba yanakutana hapa. Uzoefu usiopewa kazi hugeuka majivuno. Ukipewa kazi hugeuka ulinzi. Kila aliyefika Kisite huko nyuma sasa hukabidhiwa mgeni mmoja mpya tangu siku ya kwanza. Ndiye anayemfundisha kuelea, anayekaa naye botini, anayemshika mkono ukielekea kwenye kombe au kiti cha pweza. Niligundua jambo jema: mtu asiyesikia anapokatazwa na mwalimu hujikataza mwenyewe anapotazamwa na mwanafunzi wake. Mikono yake hatimaye huyafikia macho yake.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wanaopanga safari za msimu huu, wa vyama, makanisa na shule za Bomet na Kericho: msipange basi kwa urafiki peke yake. Andikeni nani amefika na nani hajafika, muwafungamanishe wawili wawili, mlipe kiongozi wa ziada wa majini, na mchague atakayezungumza na nahodha. Ulizeni pia saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kulipia boti. Mambo haya yanamalizika kwenye mkutano mmoja wa kikundi, na yanafaa yafanywe kabla fedha ya bonasi haijapelekwa kwa mwenye basi.